Masikio Yangu na Filamu za Mama Mkwe

Kwenye hospitali nyingi kuna benchi moja lililowekwa nje peke yake, mbali na mengine, upande ambao upepo unapita. Kama leo umeelekezwa ukae kwenye benchi hilo, haya nayaandika kwa ajili yako. Sitakueleza ugonjwa wenyewe ni nini. Hayo watakueleza wao, tena watarudia mpaka uchoke. Mimi nitakusimulia jinsi nilivyoishi nao, na kitu kilichonishikilia, ingawa wenye afya wanakiona cha kupotezea wakati tu: filamu za kukodi, alasiri, nyumbani, pamoja na mama mkwe wangu.

Naitwa Thembo. Kabla ya kuugua nilikuwa mwongoza wageni mlimani. Nyumbani ni Nyakalengija, pale njia ya kupandia Rwenzori inapoanzia, na kama wengi wa kwetu nilianza kwa kubeba mizigo ya wazungu nikaishia kutembea mbele yao. Kiingereza changu nilikiokota huko juu kwenye baridi, nikiwasikiliza wakilalamikia matope. Mwongozaji anaishi kwa masikio. Ukungu ukishuka huoni kitu. Unasikia maji yako upande gani, unasikia jiwe likiporomoka, unasikia mgeni wa mwisho anapoanza kuhema vibaya.

Kikohozi kilianza na mvua za Machi. Kiangazi kilipoingia nilikaa chini katikati ya kilima ambacho nilizoea kukipanda na mzigo mgongoni, na mgeni mmoja, mwanamke mwenye umri wa mama yangu, akanishika mkono akanishusha kama kipofu. Nilipewa vidonge vya kifua kikuu nikavimeza vyote. Sikupona. Wakapima tena, wakaniambia changu ni kile sugu, kisichosikia dawa za kawaida. Kitahitaji sindano kila siku kwa miezi, na vidonge kwa muda mrefu zaidi ya hapo.

Siku hiyo nyumba yangu ilivunjika bila mtu kugombana. Tulikodi vyumba viwili Bulembia ili niwe karibu na hospitali. Binti yetu Masika, aliyekuwa bado hajafikisha miaka mitano, tulimpeleka Maliba kwa dada yangu, asije akavuta hewa yangu. Alipakizwa kwenye pikipiki, katikati ya shangazi yake na dereva, akiimba kitu alichokitunga mwenyewe kuhusu mbuzi. Mke wangu Katungu alibaki Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, na biashara yake ya maharage na vitenge, maana lazima mmoja wetu alete chakula. Akaniambia, "Baba Masika, nimemwita mama. Atavuka mpaka aje akutunze."

Nikamwambia haiwezekani. Akaniuliza, "Nani mwingine atakubali?"

Ndugu zangu walikuwa wameshaanza kunisalimia wakiwa barabarani.

Kwetu Wakonzo, na kwa Wanande wa upande wa mke wangu vilevile, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Sasa mama huyohuyo ndiye aliyefika kutoka Kongo, pande za Beni, amebeba kikapu na rozari, kuja kuniuguza. Aliweka uji kizingitini, akakohoa kidogo kunijulisha, akaondoka. Nguo zangu nilizirundika juu ya kiti, nikirudi kutoka hospitali nakuta zimefuliwa. Tungeweza kusemezana kwa lugha ya nyumbani, kwa kuwa Kinande chake na Lhukonzo changu ni watoto wa tumbo moja, lakini alinisemesha kwa Kiswahili cha sokoni, nami nikamjibu kwa Kiswahili. Nadhani kilitupa nafasi ya kupumua. Lugha ya nyumbani ingetuleta karibu mno.

Kitu cha anasa tulichokuwa nacho ni televisheni na deki, nilizonunua msimu mmoja wageni walipokuwa wengi. Chini kidogo ya nyumba yetu alikuwepo Kakule, mwenye duka la kukodisha filamu. Nyingi zilikuwa zile za kutafsiriwa, mtu anapiga kelele kwa Kiluganda juu ya sauti za waigizaji. Mimi nilichukua zisizotafsiriwa, zinikumbushe kazi.

Alasiri moja mvua ilikuwa inanyesha. Mama ameketi barazani nje ya mlango wangu, anachambua sombe, yale majani ya muhogo. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi, kidevu juu ya mto, kwa sababu sindano zilikuwa zimeyajaza makalio yangu mabonge na kukaa kulikuwa mateso. Kwenye filamu mjane mmoja alikuwa anagombana na shemeji yake juu ya shamba. Sauti ya mama ikaingia, yeye mwenyewe hajageuka:

"Ule mwanamuke anasema nini?"

Nilishtuka. "Anasema haondoki, Mama. Mume wake amezikwa pale."

"Iko na haki. Na ule mwanaume?"

"Anasema shamba aliachiwa yeye."

"Muongo. Sauti yake tu unaisikia."

Filamu iliisha, sombe bado haijaisha. Kesho yake, baada ya kurudi kutoka sindano, nikasikia kikohozi chake kizingitini, lakini uji haukuwepo. "Mukwe wangu," akasema, "leo hakuna filme?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Wauguzi walikuwa wameagiza mlango na madirisha vikae wazi mchana kutwa. Ugonjwa na heshima vikakubaliana: mimi ndani na kitambaa changu mdomoni, yeye nje barazani, televisheni imegeuzwa tuione sote, na hakuna anayemtazama mwenzake.

Nataka uelewe raha ile ilivyokuwa, maana nitakayoyasema baadaye hayana raha. Kulikuwa na raha ya kuchagua. Mama alikwenda kwa Kakule mwenyewe, akachagua kwa kutazama picha ya juu. Alipenda farasi. Alipenda mahakama, nyumba kubwa zenye ngazi, na wanawake wenye kofia. "Ya masasi hapana," alimwambia Kakule, yaani ya risasi. "Ya masasi niliishaona." Kulikuwa na raha ya kusimamisha filamu katikati kwa sababu chungu kinaungua. Umeme ukikatika, tulibishana katika giza la mvua kuhusu mwisho wake, yeye akimtetea mama wa kijana, mimi nikimtetea msichana, mpaka taa inarudi na kukuta wote tumekosea. Wakianza kubusiana mimi nilijifanya nakohoa, yeye akajifunika kitenge kichwa kizima. Baada ya muda kitenge kikauliza, "Balishamaliza?"

"Bado, Mama."

"Beko na kazi hawa."

Karanga alizikaanga yeye. Sahani aliisukuma ndani kwa ncha ya mwiko, asinipe mkononi. Nilikuwa nimekonda mpaka pete imeanguka, ngozi imekuwa nyeusi kwa dawa kama sufuria ya kuni, kila asubuhi natapika. Lakini filamu ikianza nilikuwa tena mtu mwenye kazi. Nilikuwa natangulia, na mtu ananifuata nyuma.

Kwenye benchi la nje nilikaa na mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, tuliyemwita Afande. Alikuwa amenitangulia kwa miezi kadhaa. Alitupanga sote kama kuruta. "Wewe! Sogea! Mdomo funga!" Nilidhani ni ukali wa jeshi. Siku moja muuguzi akamwita kwa jina, akamwita tena, na yeye akaendelea kutazama mlima. Nikamgusa bega. Akageuka, akaniambia kwa sauti kubwa mno, "Masikio yamekwenda. Ni sindano. Hawakukuambia?"

Walikuwa wameniambia, kwa kweli. Walisema inaweza kutokea. Lakini unapoambiwa utakufa, hayo mengine unayapita kama matangazo.

Kwangu yalianza mvua za mwisho wa mwaka zilipokuwa zinakaribia. Nilisikia mto Nyamwamba unavuma, mchana na jioni, kama unaleta mawe. Nikamuuliza mama, "Mto umejaa?"

"Mutu alipita na miguu sasa hivi, mukwe wangu. Mto iko chini kabisa."

Muuguzi niliyemwambia kesho yake ni sista aliyekuwa na upole wa asili. Alinipeleka nikapimwa, akarudi akakaa ncha ya pili ya benchi. Alisema watapunguza dawa, lakini hawawezi kuiacha.

"Mkiiacha?"

Alitazama mahali alipozoea kukaa Afande. Wiki ile alikuwa haji tena. Alikuwa amekataa sindano, akaenda kwao, akazikwa kabla mvua hazijaanza.

Nikaendelea. Ukiniuliza nilichagua nini, nitakuambia sikuchagua. Niliamka, nikaenda, nikashusha suruali. Sauti ziliondoka moja moja, nyembamba kwanza. Ndege. Kijiko kwenye kikombe. Herufi ya s katika maneno. Niliongeza sauti ya televisheni mpaka jirani akaja kulalamika, nami nikamwona tu midomo inacheza.

Mama sikumwambia. Nilijua kwamba nikimwambia, filamu zimekwisha, na filamu zikiisha hakutakuwa na sababu ya alasiri. Nikaanza kubuni. Mwanamume kwenye skrini anafungua mdomo, mimi nasema, "Anamwambia arudi nyumbani." Mwanamke analia, nasema, "Mtoto wake anaumwa." Nilifanya hivyo filamu nzima, na nyingine, nikijisikia mwerevu na mfu kwa pamoja.

Halafu kitu kidogo kikanipiga begani. Karanga. Nikadhani imedondoka mahali. Ikanipiga ya pili, shingoni. Nikageuka.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimeanguka mabegani, ananitazama usoni. Sikuwahi kuuona uso wake mzima. Alikuwa na mwanya wa Katungu. Akasema polepole, akiumba kila neno ili nilione:

"Hausikie tena?"

Nilifunika uso kwa mikono. Sijui nililia kwa sauti gani. Hilo ni mojawapo ya mambo ambayo kiziwi hajui. Nilipotoa mikono, alikuwa amevuka kizingiti. Alikuwa amevuta kigoda chake mpaka pembeni ya televisheni, kando ya dirisha, amefunga mdomo na pua kwa kitambaa, amenigeukia mimi. Akakishusha kitambaa kidogo, kwa kitambo tu, akasema, "Heshima tumeivunja bote, iko Mungu tu anaona. Weka filme."

Tangu siku ile tulitazama kwa namna nyingine. Yeye alisikia Kiingereza asichokielewa. Mimi nilikielewa Kiingereza nisichokisikia. Diski za Kakule hazikuwa na maandishi chini. Basi mama akawa ananionyesha sauti zenyewe. Akipiga ngumi kifuani, anayeongea ana uchungu. Akipindisha mkono kama nyoka, anadanganya. Alibisha hewani, nikajua kuna mtu mlangoni. Muziki ukianza aliyumba taratibu, na mabega yake yakaniambia kama ni wa harusi au wa msiba. Mimi nikaunganisha na nilichokiona, nikamwambia ninavyodhani, naye akakubali au akatikisa kichwa. Filamu tulizozimaliza hivyo sidhani kama waliozitengeneza wangezitambua.

Usidhani hilo liliniponya moyo. Kulikuwa na asubuhi ambazo nilificha vidonge chini ya ulimi nikavitema nyuma ya kitanda. Mama alivikuta akifagia. Hakunishtaki hospitalini wala kwa Katungu. Aliviweka kwenye sahani ya karanga, akaisukuma mbele yangu, akasimama pale mpaka nilipovimeza na vumbi lake. Nilimchukia siku hiyo. Nilitaka aniache.

Katungu alikuja kila Jumapili. Alikuwa amechoka, na kuongea na mimi kulimchosha zaidi, kwa kuwa kila kitu lazima kisemwe mara tatu na mimi bado nakosea. Akaanza kuongea na mama yake tu, mimi nikiwa katikati yao kama meza. Jumapili moja alisimama nyuma yangu akikunja nguo. Mama alikuwa mbele yangu. Nikauona uso wa mama unabadilika, kama mtu aliyemwagiwa maji, na macho yake yakatoka kwa Katungu yakanijia mimi, haraka, kuona kama nimejua. Nikageuka. Katungu alikuwa ameinama kwenye nguo, midomo imefungwa. Alichosema sikijui hadi leo. Sijamuuliza. Nimejaribu maneno mengi mahali pale, na yote yanatosha.

Sindano zilikwisha mvua nyingine ziliporudi. Nikabaki na vidonge, nikaruhusiwa kukaa na watu, tukahamia Bwera kwa Katungu. Mama alipimwa kifua mara kwa mara, akakutwa mzima. Kwa hilo nashukuru, na kuna siku hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kushukuru. Masika aliletwa kutoka Maliba. Alikuwa amerefuka, amepoteza meno ya mbele. Alinisimulia jambo refu sana, mikono inaruka, akacheka mwenyewe mwishoni. Nilicheka pia. Sauti ninayoijua ya binti yangu ni ya mtoto wa kwenye pikipiki. Huyu mwingine sijawahi kumsikia.

Mlimani nilirudi siku moja kuomba kazi. Kiongozi wetu wa zamani alinikumbatia, akaniandikia kwenye kiganja chake kwa kalamu: UKUNGU JE? Nikamwelewa. Nikashuka.

Siku niliyoambiwa nimepona, mama alichinja kuku. Alikuwa amengojea siku hiyo. Sasa niliona kwamba alikuwa anaingojea kwa mambo mawili: mimi nipone, naye awe huru kurudi kwao. Habari za kwao zilikuwa mbaya kwa muda mrefu, watu wanahama kijiji kimoja hadi kingine, na wajukuu zake wa mtoto wake wa kiume hawakujulikana wako wapi. Katungu alimkataza, akalia, akamfichia viatu. Mama akavaa ndala.

Tulimsindikiza mpaka mpakani Mpondwe. Ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa na mizigo yao. Katungu alikwenda mbele kushughulikia kikapu na wale wanaokagua, mimi nikabaki naye kando ya barabara. Palikuwa na Wanande wengi pale, wanawake wa rika lake, wengine wa ukoo wake, wamekuja kumuaga. Wote wanatutazama. Na mama, aliyenitazama usoni alasiri zote zile, akakumbuka yeye ni nani na mimi ni nani. Akavuta kitenge kichwani. Akainamisha uso, akageukia pembeni kama inavyopasa mama wa mke mbele za watu, na akaniambia kitu.

Kilikuwa kirefu. Niliona kitenge kikitikisika kwa pumzi yake. Mara moja aliinua mkono kidogo akaushusha. Nilitaka kumwambia, Mama, nigeukie. Nilitaka kumshika kidevu nimgeuze. Lakini wanawake wale walikuwa wametuzunguka, na ningemvunjia heshima yake mbele ya watu wake, siku anayokwenda kuitafuta jamaa yake. Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia. Akavuka.

Simu yake iliita kwa siku chache. Kisha ikawa haipatikani. Katungu alikaa barazani akiipiga, akaitazama, akaipiga. Tumewauliza wanaovuka kuja sokoni. Mmoja alimwona njiani na watoto wawili, mwingine akasema siye. Mvua zimenyesha na kukauka, na hatujui.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye benchi: meza dawa, hata zile za kwenye vumbi. Siku ukisikia mto mahali pasipo na mto, sema siku hiyohiyo. Siku hizi nasikia wengi wanatibiwa kwa vidonge tu, nawe uliza kama vipo kwako. Na watu wako waambie wakutazame wanapoongea, hata kama mila inawakataza, hata kama watu wanaona. Waambie mapema, mkiwa bado nyumbani.

Juzi Katungu alizima jiko, akaja akakaa mbele yangu, akasubiri nimtazame. Akaumba maneno vizuri, vile ambavyo hajawahi kufanya tangu niugue.

"Pale mpakani," alisema, "mama alikuambia nini?"

Nikamwambia sikuona mdomo wake. Nikamwambia sijui.

Kisha akateleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, akayashika masikio yangu yote mawili kwa viganja vyake, na kwa mara ya kwanza akayalilia.